Habu wa Erabu

Kule kisiwani Tokunoshima alikozaliwa Tamegiku, mtu hanyooshi mkono ovyo. Anayechukua kuni hulipiga rundo kwa fimbo kwanza. Anayeingia chooni hugonga mlango, si kwa adabu bali kwa uhai wake. Hata jina la nyoka mwenyewe hawalitaji hovyohovyo. Wanasema "Mrefu", na hakuna anayeuliza Mrefu gani. Ni habu, nyoka mwenye sumu kali, naye hana mchezo. Atakaa ndani ya ukuta wa mawe kutwa nzima, kimya, kichwa cha pembetatu kimelala juu ya mapindi yake, na ukipitisha mkono wenye joto mbele yake ameshakuuma kabla hujajua kama yupo.

Kaka yake Tamegiku, Kiyomasu, aliumwa kidole gumba akiokota jembe pembeni mwa shamba la miwa. Baba yao akachukua mundu, akaulaza mkono wa mwanawe juu ya gogo akikate kidole kabla sumu haijapanda, kisha akasita. Akasema, ngojeni kwanza tuone. Basi wakaona. Mkono ulivimba ukawa mnene kama paja, ukageuka zambarau, ngozi ikapasuka na nyama ikaanza kumomonyoka yenyewe. Kiyomasu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akawa anatapika damu, na alikufa amemkodolea baba yake macho. Tamegiku ndiye aliyekuwa ameshika bakuli la matapishi. Akaapa moyoni kwamba siku mtu wake akiumwa, yeye hatangoja kuona. Mimi simlaumu. Aliyeshika bakuli lile hawezi kuwa mtu wa kungoja.

Kisha akaolewa Erabu. Ni kisiwa cha jirani, siku ya hewa safi unakiona kwa macho ukiwa ufukweni, na huko habu hayupo wala hajapata kuwapo. Kwa nini yupo kule na hapa hayupo, waulizwe miungu. Watu wa Erabu wanatembea peku kwenye majani, wanaingiza mikono kwenye mashimo ya kuta kutafuta mayai ya kuku, wanalala milango wazi. Tamegiku aliingia katika kijiji hicho na mizigo yake na fimbo moja ndefu ya mwanzi, na kuanzia siku hiyo wakawa na kitu cha kuchekea.

Mumewe, Ikemori, alikuwa mpole, mpiga zeze la nyuzi tatu, mtu wa kucheka na kila mtu. Tatizo lilikuwa mama mkwe. Bi Makato alikuwa mjane, mkavu, mwenye ulimi, na migongo ya mikono yake ilikuwa imejaa nembo za buluu kama walivyochanjwa wanawake wa zamani kabla serikali haijapiga marufuku. Nembo zile alizipenda kuliko kitu chochote. Alisema akifika kwa wafu, mama yake atamtambua kwa mikono hiyo, na mwanamke asiye na nembo kamili ataachwa nje ya mlango. Kila asubuhi alibeba mwenyewe sinia la chakula cha wazee waliotangulia na kuliweka mbele ya vibao vya majina yao. Tamegiku akinyoosha mkono amsaidie, anaambiwa, "Acha. Wewe hawakujui."

Alichotaka Tamegiku kilikuwa hicho tu: ahesabiwe mtu wa nyumba ile. Miaka ilikuwa inapita, mtoto bado, na sinia bado linapita mbele ya pua yake.

Sasa ikafika siku ya kuezeka upya paa la nyumba. Erabu nyasi nzuri ni adimu, kwa hiyo baba yake Tamegiku akatuma kwa mashua miganda ya nyasi kutoka milima ya Tokunoshima, zawadi kwa mkwewe. Wanaume wa kijiji wakaja kusaidia, wanawake wakawasha moto na kuchemsha viazi na nguruwe, na pombe ya sukari guru ikaanza kuzunguka mapema kuliko ilivyofaa. Tamegiku alipoiona ile miganda imerundikwa uani, mwili ulimsisimka. Akachukua fimbo yake, akaanza kuipiga, mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu zake zote.

"Shemeji," akaita jirani yao Tokuchiyo kutoka juu ya paa, "hizo nyasi zimekukosea nini?"

"Zimetoka kwetu. Zinaweza kuwa na Mrefu ndani."

"Mrefu niko huku juu. Nipige mimi basi, Ikemori hataona."

Watu wakaangua kicheko. Tamegiku hakujali, akaendelea kupiga, nyasi zikawa zinakatika na kuruka huku na huku. Bi Makato akatoka jikoni, akamshika fimbo.

"Unaharibu nyasi, na unanitia aibu mbele ya watu. Huku si kwenu. Huku hatuishi na nyoka."

"Mama, imebaki michache tu."

"Nimesema weka chini. Kapakue viazi."

Akaweka chini, akaenda kupakua viazi. Miganda iliyobaki haikupigwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ikemori alikuwa ndiye anayerusha miganda juu. Akainama, akatia mkono wa kushoto chini ya mmoja aunyanyue, akapiga yowe. Aliruka nyuma ameushika mkono, uso umekunjamana wote, na mganda ukamwagika miguuni pake. Tamegiku alishamfikia kabla yowe halijaisha. Kwenye kidole cha kati kulikuwa na matundu mawili, yako pamoja, yanatoka damu, na pembeni nyama imeshaanza kuwa nyekundu na kuinuka.

"Kinawaka," Ikemori akasema kwa meno yaliyoumana. "Tame, kinawaka moto."

Tamegiku alimburuta mumewe kwa mkono ule ule mpaka kwenye gogo la kukatia chakula cha nguruwe, akaanguka naye magotini, akamwekea goti lake juu ya kifundo cha mkono. Mundu ulikuwa pale pale umechomekwa kwenye gogo. Ikemori alielewa, akaanza kuvuta, akampiga kwa mkono mwingine, akampiga mdomoni hadi midomo ikapasuka. Yeye akauinua mundu akashusha. Kidole kikakatika mfupa lakini ngozi ikashikilia, ikabidi ashushe tena. Damu iliruka ikampata usoni na kifuani, na kidole kikabaki juu ya gogo kati ya maganda ya viazi. Palepale akaufunga mkono kwa mshipi wake wa kiunoni, akaukaza kwa meno.

Hapo Bi Makato akamfikia na ile fimbo ya mwanzi.

Alimpiga kichwani, mabegani, mgongoni, popote. Tokuchiyo na wenzake walishuka paani wakamvuta Tamegiku kwa nywele mbali na mumewe, mmoja akampiga teke la mbavu, mwingine akamkandamiza uso kwenye udongo. "Amemkata mwanangu," Bi Makato alikuwa akirudia, bila kupandisha sauti, na kila akirudia anapiga. "Mwendawazimu huyu amemkata mwanangu ndani ya ua wangu."

"Ameumwa na Mrefu," Tamegiku alisema, mdomo umejaa damu na mchanga. "Yumo kwenye nyasi. Tafuteni. Nawaomba mtafute."

"Na tusipomkuta?" akauliza Tokuchiyo.

"Mkikosa kumkuta, nitupeni baharini."

"Umesema mwenyewe," akasema Bi Makato.

Wakachukua miti na majembe, wakaanza kuipasua miganda mmoja mmoja. Na Tamegiku, amelala pale chini na mguu wa mtu uko shingoni mwake, akawa anaomba. Aliomba habu atoke. Yule yule aliyemmaliza kaka yake, mnyama aliyemchukia kuliko vyote duniani, leo alikuwa anamwita kwa moyo wake wote atokeze kichwa kwenye kisiwa hiki safi. Kila mganda ukifunguliwa mtupu, moyo wake unazama zaidi. Kwani ikiwa hakuna habu, yeye alikuwa amefanya nini?

Ikemori alikuwa amekaa peke yake karibu na ule mganda uliomwagika, ameukumbatia mkono, rangi imemtoka. Wote walikuwa wamempa mgongo, wanapekua. Ni Tamegiku peke yake aliyekuwa anamtazama, kwa sababu uso wake ulikuwa umekandamizwa upande huo. Basi ni yeye peke yake aliyeona. Kutoka kwenye nyasi zilizomwagika akatoka tandu, mnene, mwekundu, urefu wa kiganja cha mtu mzima, anatembea zake polepole kwa miguu yake mingi kuelekea kivulini.

Tandu anauma sana, sikatai. Anatoboa matundu mawili, yanawaka moto, mtu mzima analia. Halafu kesho yake mtu anaenda shambani.

Ikemori alimtazama yule tandu. Akamtazama mkewe. Kisha akanyoosha mguu wake peku, akamkanyaga, akamsaga udongoni kwa kisigino mpaka hakuna kilichobaki, huku tandu akimuuma na unyayo vilevile, na uso wake haukutikisika.

"Yule pale," akasema, akionyesha kwa mkono mzima ukuta wa mawe. "Nimemwona. Ameingia ukutani. Ana madoa ya njano."

Wote wakaruka. Mguu ulitoka shingoni mwa Tamegiku.

Ukuta ule waliubomoa, hawakukuta kitu. Wakasema ameshapita ameingia kwenye kichaka cha nyuma. Wakakitia moto kichaka, upepo ukaubeba moto ukala shamba la miwa la mzee mmoja asiyehusika, na mbuzi wake wawili waliofungwa humo wakaungua wakilia. Jioni Bi Makato alimletea Tamegiku maji ya moto na kitambaa, akaviweka mlangoni. Mama yule hakuwa mtu wa kuomba radhi, lakini maji aliyachemsha mwenyewe.

Walipobaki wawili, Tamegiku akamwambia mumewe, "Nilimwona."

"Hukuona kitu."

"Ikemori, alikuwa tandu. Nimekukata bure. Kwa nini umesema vile?"

Ikemori aliutazama mkono wake uliofungwa. "Wangekuua," akasema. Halafu baadaye kidogo, kwa sauti nyingine kabisa, "Na mimi ningekuwa nani? Mwanamume aliyekatwa kidole na mkewe kwa ajili ya tandu? Wangeimba mpaka nife. Alikuwa habu. Umesikia? Usiniulize tena."

Zeze akalitundika ukutani, hakulishika tena. Hakumpiga mkewe wala hakumtukana, ila usiku alilala amempa mgongo, na Tamegiku alijua kwamba anamchukia na anamtetea kwa wakati mmoja. Haya mambo yapo, msishangae.

Kijiji nacho kikabadilika. Watu wa Erabu, ambao baba zao na babu zao walitembea peku, wakaanza kukata fimbo za mwanzi. Wakaziba mashimo ya kuta kwa udongo. Watoto wakafungiwa ndani jua likianza kushuka. Tokuchiyo, yule mcheshi, alisikia nyasi zinatikisika nyuma ya nyumba, akashusha jembe bila kuuliza, na aliyekuwa amechutama pale ni mkewe; jembe likamvunja mguu juu ya kifundo, mfupa ukatokeza nje, na mpaka leo mama yule anachechemea. Hakuna aliyemlaumu Tokuchiyo. Walisema ni habu amewaletea hayo. Kila mtu alikuwa na hadithi ya kumwona, na kila hadithi ilipotoka alikuwa ameongezeka urefu.

Nao wakawa wanamjia Tamegiku. Shemeji, tufundishe. Dada, hebu njoo uangalie ghala letu. Wale wale waliomburuta kwa nywele sasa wanamkaribisha chai na sukari guru. Bi Makato alikuwa akimsikiliza anavyoeleza jinsi ya kupiga rundo na jinsi ya kukaza kamba, anaitikia kwa kichwa taratibu. Tamegiku alieleza, maana angesema nini?

Siku moja mchana, Ikemori alikuwa barazani anasuka kamba, Tamegiku anakatakata majani ya viazi juu ya gogo, Bi Makato akatoka ghalani. Alikuwa anatembea wima kabisa, mkono wa kulia ameuinua mbele yake, mkono wa kushoto ameubana kifundo. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye gogo, akapiga magoti, akayafagia majani kwa kiwiko, na kuulaza mkono ule wenye nembo juu ya mti.

Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na matundu mawili.

"Nilikuwa nanyanyua kikapu," akasema. "Kinawaka kama alivyosema Ikemori. Kata, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Tamegiku alikuwa na mundu mkononi, na neno lile alilolingoja miaka yote lilimpiga kuliko ile fimbo.

"Mama, mkono wako. Nembo zako."

"Unafikiri sijui? Nitawaambia wafu nilikiacha njiani. Kata kabla sumu haijapanda."

"Ulimwona aliyekuuma?"

"Ghalani giza. Wewe ndiye uliyetufundisha mtu asingoje kuona. Unangoja nini?"

Tamegiku akauweka mundu chini. Akaificha mikono kwapani. "Mama, nisikilize. Erabu hakuna habu. Siku ile hakukuwa na habu. Alikuwa tandu, nimemwona kwa macho yangu, Ikemori amemkanyaga. Mimi nilimkata mwanao bure. Nifukuze, nitupe baharini kama nilivyosema, lakini kidole chako usikiguse. Kitauma leo, kesho kitapoa."

Bi Makato akageuka barazani. "Ikemori. Mkeo anasema nini?"

Ikemori alikuwa ameiacha kamba. Mdomo wake ulifunguka ukafungwa. Aliutazama mkono wake wa kushoto, pale palipokuwa na kidole, akautazama ule wa mama yake juu ya gogo. Ilikuwa kusema neno moja tu, nalo lilimkwama.

"Naona," akasema Bi Makato. "Anaogopa kunikata. Ana moyo mwema, kumbe."

Akauokota mundu kwa mkono wa kushoto. Tamegiku alimrukia, akaupata mshipi wake tu. Mama yule hakuwa na mazoea ya kutumia mkono ule, kwa hiyo pigo la kwanza lilienda kombo, likampasua mgongo wa kiganja katikati ya nembo mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Hakulia. Alivuta pumzi kwa nguvu, akapiga tena, na tena, na pigo la tatu likakitenga kidole. Damu ikajaa kwenye gogo, ikamwagikia magotini pake.

Hapo ndipo Ikemori alipopata ulimi. Alikuja mbio, akajitupa chini mbele ya mama yake. "Mama, alikuwa tandu. Anasema kweli. Alikuwa tandu, Mama, nilidanganya."

Bi Makato alikuwa ameegemea gogo, midomo imekuwa myeupe. Alimtazama mwanawe. Akakitazama kidole chake, na mstari wa buluu uliokuwa unatoka kwenye kucha kwenda kwenye mgongo wa mkono, sasa umekatikia hapo. Nina hakika alielewa. Tamegiku aliyaona macho yake yanaelewa.

"Nyamaza," akamwambia mwanawe, polepole. "Unataka niwe nimekikata bure?"

Majirani walikuwa wamesikia, wanaingia uani wakikimbia, Tokuchiyo mbele na jembe lake. "Kuna nini? Bibi, nini kimekupata?"

"Habu," akasema Bi Makato. "Ghalani. Chukua watu mkalichome."

Tokuchiyo akamgeukia Tamegiku, kwa kuwa mambo hayo yeye ndiye mjuzi. "Kweli, shemeji? Ni yeye?"

Watu wote walimtazama. Ikemori alikuwa bado amelala kifudifudi, anatikisika. Bi Makato alimnyooshea Tamegiku mkono unaomwaga damu aufunge, na macho yake, kwa mara ya kwanza tangu wakutane, yalikuwa yanamwomba.

Tamegiku akavua mshipi wake.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Akaufunga mkono wa mama mkwe, akaukaza kwa meno, huku moshi wa ghala ukianza kupanda. Kesho yake asubuhi Bi Makato alimwita jikoni, akamkabidhi sinia la wazee.